Mawe Mawili Mfukoni: Somo Juu ya Bei ya Haki

Somo la wiki kwa wenye biashara za kando

Maandiko ya kusoma kabla: Kumbukumbu la Torati 25:13-16, Mithali 11:1 na 20:14, Amosi 8:4-6, Luka 14:28-30.



Jumapili iliyopita baada ya ibada ya pili, vijana wawili walinisimamisha pale karibu na tangi la maji. Wamechanga pesa wakanunua mashine ndogo ya kuchonga kwa leza, na swali lao lilikuwa moja: "Pasta, kibao kimoja tuuze pesa ngapi?" Waliniuliza mimi kwa sababu wengi mnajua nina mashine kama hiyo kwenye chumba cha nyuma nyumbani, na jioni majirani wanajua niko kazini kwa harufu ya mbao kuungua. Niliwatajia bei yangu, wakaandika kwa simu, wakaenda. Nikiwa njiani kurudi nyumbani nikaona nimewakosea. Bei yangu si bei yao. Tena hiyo bei yenyewe niliifikia baada ya makosa mawili makubwa, moja la kuwaibia watu na lingine la kuiibia nyumba yangu. Somo la leo ni jibu nililopaswa kuwapa.

Kwa wale hawajaiona kazi hii: leza ni mwali mwembamba wa mwanga wenye nguvu ya kuchoma. Kompyuta inauongoza juu ya mbao, ngozi au akriliki, na unachora jina, nembo, hata picha ya mtu. Ndiyo ile kazi mnayoiona kwenye vibao vya shukrani vya wastaafu, vishikio vya funguo vya harusi, na misalaba ya makaburini. Kama wewe unashona nguo, unaoka keki au unasuka nywele baada ya kazi, usifunge ukurasa. Hesabu ni ile ile.

Jiwe lenyewe ni nini

Katika Kumbukumbu la Torati 25 watu wa Mungu wanakatazwa kubeba mfukoni mawe ya kupimia ya aina mbili, kubwa na dogo. Zamani hizo hakukuwa na noti wala M-Pesa. Fedha ilipimwa kwa mizani, na mfanyabiashara alitembea na mawe kwenye mfuko wake, kila jiwe na uzito wake. Mdanganyifu alikuwa na seti mbili: mawe mazito ya kununulia, na mepesi ya kuuzia. Amosi naye anawakemea wafanyabiashara waliongoja Sabato iishe upesi ili warudi sokoni kupunja vipimo. Na angalia ni nani walimpunja: maskini na mhitaji.

Sasa tazama jambo moja. Andiko halitaji bei ya ngano. Halisemi faida iwe ngapi. Linataka jiwe liwe moja, na liwe kamili. Ndiyo sababu leo sitawapa bei ya kibao. Nitawaonyesha vile mtu anaweza kulipata jiwe lake, kisha alitumie hilo hilo kwa kila anayeingia mlangoni.

Sisi hatuna mawe tena, lakini tuna macho. Mteja akiingia tunaangalia viatu, simu, na gari lililoegeshwa nje, kisha bei inatoka kwa sura yake.

Nilifanya hivyo. Alhamisi moja, kama saa moja jioni, mtu alikuja akitaka kibao cha msalaba: jina la mama yake, tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kufariki. Mazishi yalikuwa Jumamosi na mwili ulikuwa unatoka mochari Ijumaa. Nje alikuwa ameegesha gari kubwa. Kazi kama hiyo nilikuwa nikiifanya kwa 1,500. Nikamwambia 4,500. Hakubishana. Alituma pesa papo hapo, nikachonga usiku ule, nikajiambia ni malipo ya kukesha.

Wiki mbili baadaye, tukiwa kwa ushirika wa nyumbani, ndipo nikasikia kwamba gari lilikuwa la rafiki yake na pesa zile zilitoka kwenye mchango wa mazishi. Lakini wapendwa, tuseme ukweli: hata gari lingekuwa lake, kosa lingebaki lile lile. Sikuipima kazi. Nilipima gari na machozi.

Nikakaa na kalamu. Kazi ya usiku ina gharama ya kweli, na si dhambi kuitoza. Nikajiuliza, mtu yeyote angekuja na haraka ile, hata fundi mwenzangu, ningemwongezea ngapi bila aibu? Nikaona asilimia 30. Kwa 1,500 hiyo inafika 1,950. Kwa hivyo nilikuwa nimekaa na 2,550 ambazo si zangu. Nilimpigia simu nikamweleza. Akanyamaza. Kisha akasema, "Pasta, nilijua iko juu. Siku ile tu sikuwa na nguvu ya kuuliza."

Nikairudisha. Tangu siku hiyo nyongeza ya haraka imeandikwa ukutani: asilimia 30 kwa yeyote anayetaka kazi ndani ya saa 24. Baadaye niliongeza mstari mwingine chini yake, kwamba waliofiwa hawaongezewi kitu. Mtu anaweza kuniuliza kama hilo si jiwe la pili. Sidhani. Jiwe la pili hufichwa mfukoni. Hili liko ukutani na kila mtu analisoma.

Kuketi na kuhesabu

Katika Luka 14 Bwana Yesu anamtaja mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba kwanza huketi akahesabu gharama. Huketi. Wengi wetu huhesabu tukiwa tumesimama, mteja yuko mbele yetu na tunaogopa ataenda kwa mwingine.

Hebu tuketi. Chukua kibao cha shukrani cha plaiwudi, sentimita 20 kwa 30, maandishi na nembo vikichukua nafasi ya sentimita 15 kwa 10. Bei za vitu hapa ni za daftari langu. Wewe weka zako.

Mbao ni shilingi 250. Vanishi, msasa na ile tepu ya karatasi ya kuzuia masizi, 80. Hiyo ni 330, na hapo ndipo wengi wetu huishia. Kwa miezi minane nilikuwa nauza kibao hiki 700 nikiamini ninabaki na 370 mfukoni.

Ongeza vinavyoharibika. Kwangu kibao kimoja katika kumi hutupwa: mbao ilikuwa na gundi mbaya ndani, stima imepotea katikati ya kazi, ama nimekosea herufi ya jina. Weka 35. Nauli ya kufuata mbao na kupeleka kazi, nikigawa kwa vibao vya safari moja, 80.

Kisha mashine yenyewe. Yangu ilinigharimu 65,000 pamoja na feni ya kuvuta moshi. Haitaishi milele. Mwanga wake hufifia polepole, lenzi huchafuka, mikanda hulegea. Nimeikadiria masaa 1,300 ya kazi kabla sijanunua nyingine, yaani shilingi 50 kwa saa. Usipoitoza sasa, siku itakapokufa utachukua mkopo wa kununua nyingine huku ukishangaa faida ilienda wapi.

Lakini hiyo saa utaijuaje? Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo haki ya kazi ya leza imelala. Mashine huchora kama mtu anayefagia uwanja: inaenda kulia, inarudi kushoto, na kila mara inasogea kidogo mbele. Ukiiweka isogee sehemu ya kumi ya milimita, kila sentimita moja ya kimo ina mistari 100. Kimo cha sentimita 10 ni mistari 1,000, kila mstari milimita 150, jumla milimita 150,000. Ukiiendesha kwa milimita 3,000 kwa dakika, hizo ni dakika 50. Weka na muda wa kugeuka mwisho wa kila mstari, ni saa moja hivi.

Sasa linganisha. Jina kwenye kishikio cha funguo, sentimita 3 kwa 1, ni mistari 100 ya milimita 30: dakika moja tu. Picha ya mtu ya sentimita 20 kwa 20 ni milimita 400,000: zaidi ya masaa mawili. Ukiongeza upana mara mbili na kimo mara mbili, muda hauwi mara mbili, unakuwa mara nne. Kwa hivyo fundi anayesema "jina 300, picha 500" anamnyonya mtu wa jina ili kumlipia mtu wa picha. Ni mawe mawili hata kama hakukusudia. Programu nyingi za mashine hizi hukuonyesha makadirio ya muda kabla ya kuanza. Angalia hapo kwanza, ndipo utaje bei.

Stima wengi huiogopa bure. Mashine yangu na feni zinakula kama wati 150. Kwa saa moja ni uniti 0.15, na nikihesabu uniti kwa shilingi 30 haifiki hata shilingi 5. (Mwenye mashine kubwa ya CO2, yenye pampu na kipoza maji, ahesabu upya; hiyo inakula tokeni kweli kweli.)

Kilichobaki ni mikono yako. Kupanga maandishi kwenye laptopu, nusu saa. Kutumiana ujumbe na mteja mpaka akubali, dakika 20. Kupima na kulenga, 10. Kufuta masizi, msasa na vanishi, nusu saa nyingine. Hiyo ni saa moja na nusu. Na mashine ikichoma huwezi kwenda sokoni, kwa sababu leza huwasha moto na nyumba zimeungua kwa mambo madogo kuliko hayo. Lazima uwe karibu, ingawa unaweza kuwa unafanya kitu kingine, kwa hivyo ile saa mimi naihesabu nusu. Jumla masaa mawili. Saa yako ni pesa ngapi? Jiulize ungemlipa mtu mwingine ngapi aifanye vizuri bila kununa. Mimi niliweka 250, kwa hivyo masaa mawili ni 500.

Jumlisha: 330, 35, 80, 50, 5 na 500. Ni 1,000 kamili. Na mimi nilikuwa nauza 700. Ukiondoa 500 za vitu, nauli na mashine, nilibaki na 200 kwa kazi ya masaa mawili, si zile 370 nilizokuwa nikijivunia.

Je, juu ya hiyo 1,000 tuongeze faida? Kuna wapendwa wanaoamini kwamba faida ni tamaa. Sikubaliani nao. Malipo ya saa ni ya mikono. Faida ni ya biashara. Ndiyo hubeba mwezi usio na kazi, na mteja aliyeagiza kisha simu yake ikazimwa. Mimi naongeza asilimia 20, inakuwa 1,200. Ila jihadhari na mtego uliopo hapo. Mteja akikuomba umpunguzie asilimia 20 nawe ukakubali, utafikiri umerudi ulipoanzia. La. Asilimia 20 ya 1,200 ni 240, unabaki na 960. Umeuza chini ya gharama kwa shilingi 40 na mnaagana mkicheka. Nilisoma biashara chuoni miaka minne na bado nilianguka hapo.

Neno juu ya wanaoagiza vingi. Anayetaka vibao 20 vyenye maandishi yale yale anastahili bei ya chini kwa kila kimoja, na huo si upendeleo, ni hesabu: ile nusu saa ya laptopu umeifanya mara moja tu. Lakini kama kila kibao kina jina lake, sehemu kubwa ya kazi inarudi kila mara, na punguzo liwe dogo.

Bei ya chini nayo huumiza mtu

Nilisema nilifanya makosa mawili. Idara moja ya kanisa iliniomba vishikio vya funguo 60 kwa semina, kila kimoja na jina lake, kwa shilingi 50, "kwa sababu ni kazi ya Mungu". Nilikubali kabla hata sijafikiria. Nilikesha siku mbili. Ijumaa mke wangu aliingiza mkono kwenye mkebe atoe pesa ya gesi akakuta nimeichukua kununua mbao. Hakugomba. Aliwasha jiko la makaa, akaniuliza, "Baba, hii sadaka tuliitoa sisi wote, ama ni wewe?"

Sikuwa na jibu. Wasio na sauti kwenye meza ya bei mara nyingi ni watu wa nyumba yako.

Halafu kuna jirani. Hapa mjini yuko fundi mwenye duka dogo. Analipa kodi ya duka, leseni ya kaunti, na kijana wa kumsaidia. Leza ndiyo ada ya shule ya watoto wake. Alinijia kwa upole sana: "Pasta, wewe uko na mshahara. Hiyo 700 yako inanifungia duka." Nilikuwa nikifikiri nawasaidia wateja kwa bei nafuu. Lakini bei yangu haikuwa nafuu kwa sababu nina ujuzi zaidi. Ilikuwa nafuu kwa sababu kuna mahali pengine panaponilisha. Ukiifuata mpaka mwisho, mshahara wangu, ambao ni sadaka yenu, ndio ulikuwa unalipia vibao vya watu, na mtu aliyekuwa akiumia ni baba anayejitafutia kwa jasho.

Hatukukaa chini tukapatana bei. Sheria ya ushindani ya Kenya inakataza washindani kupanga bei pamoja, na mteja ndiye huumizwa na njama kama hizo. Nilirudi tu nyumbani nikahesabu upya kana kwamba sina mshahara. Hilo ndilo ningewaambia wale vijana wawili kabla ya jambo lingine lolote, kwa sababu mmoja wao ameajiriwa. Biashara ya kando ina kishawishi chake: chochote kinachoingia kinaonekana kama ziada.

Je, hatuwezi kuwapunguzia watu? Tunaweza, na tunapaswa. Ila punguzo liwe zawadi, na zawadi huwa na jina. Siku hizi nikitaka kumsaidia mjane ama kijana anayeanza, naandika kwenye risiti: bei 1,200, zawadi 400, lipa 800. Jiwe linabaki moja. Yeye anajua amepewa, mimi najua nimetoa kiasi gani, na mwisho wa mwezi mimi na mke wangu tunasoma pamoja tulitoa ngapi. Idara za kanisa nazo tunazifanyia vivyo hivyo. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba kutoa kusiwe kwa kulazimishwa. Sasa mtu aliyebanwa bei mbele ya kwaya nzima ametoa nini?

Mambo madogo yanayoleta ugomvi

Omba nusu ya pesa kabla ya kuanza. Kibao chenye jina la mtu huwezi kumuuzia mwingine. Neno arabuni mnalolijua kutoka Waefeso 1 ni neno la biashara kwanza.

Mtumie mteja picha ya maandishi na usiguse mashine mpaka ajibu "sawa". Kosa likiwa kwenye picha aliyoikubali, ni lake. Kosa likiwa langu, naanza upya kwa gharama yangu bila kunung'unika; zile 35 za vinavyoharibika ni za siku kama hiyo. Akileta kitu chake mwenyewe, kalamu ama chupa ya chai, mwambie kabla, si baada, kwamba kinaweza kuharibika, na mkubaliane nani atalipa.

Na kuna kazi isiyo na bei. Plastiki ya PVC, pamoja na ile "ngozi" ambayo kwa kweli ni plastiki hiyo, ikichomwa hutoa gesi yenye asidi inayoumiza mapafu na kula vyuma vya mashine. Hata akikupa elfu kumi, mrudishie.

Kwa wanaonunua

Sitawaacha wateja waende hivi hivi. Soma Mithali 20:14 polepole. Pale kuna mnunuzi anayeikashifu bidhaa mbele ya muuzaji, kisha akishaondoka anajisifu vile ameipata rahisi. Tunamfahamu, sababu wengine wetu tulikuwa yeye Gikomba wiki hii. Kupatana bei si dhambi, ni desturi yetu. Lakini kumwambia dada aliyekaa masaa matano akipamba keki kwamba "ni unga tu na mayai", hali moyoni unajua ni nzuri, ni kuweka kidole kwenye mizani. Ukiona huwezi, sema huwezi. Uliza kama kuna kidogo zaidi, chenye maandishi machache. Kwa leza, kama tulivyoona, ukipunguza ukubwa gharama inashuka kwa haki, na fundi haumii.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Taja kitu kimoja unachouza. Je, umewahi kuandika gharama zake zote, pamoja na saa zako? Kama bado, ni nani atakayeshtuka kwanza ukiziandika: wewe, mteja, ama watu wa nyumbani?

2. Je, kuna mtu uliyemtoza kwa kuangalia sura yake, au kwa shida aliyokuwa nayo? Bado unayo namba yake ya simu?

3. Kiongozi asome Amosi 8:4-6 kisha muulizane: katika mtaa wetu, bei ya chini ya mtu mwenye mshahara imemwondoa nani sokoni?

Jumatano baada ya maombi ya jioni nitakuwa kwenye ukumbi mdogo kwa wale wanaotaka kupiga hesabu zao. Njoo na daftari na risiti zako. Wale vijana wawili wa mashine, tafadhali njooni mapema kidogo. Ile bei niliyowapa msiitumie bado.